Mdeki Mpya kwenye Bunduki ya Pennsylvania: Tazama Nyuzi Kabla ya Vipimo

Mdeki wa gobori ukivunjika, mwenye bunduki hukimbilia kupima unene na urefu ili anunue mwingine. Vipimo ni lazima, lakini si vipimo vilivyouvunja. Mara nyingi kosa lilianza kiwandani: mti ulichanwa kwa msumeno, ukakerezwa kwa mashine, na hakuna aliyetazama nyuzi zake zinaelekea wapi. Anayeweka mdeki mpya bila kuziangalia nyuzi hizo atauvunja na huo.

Nichukue bunduki ndefu ya Pennsylvania, maana kwake kazi hii inaonekana yote. Bunduki hizi zilitengenezwa tangu karne ya 18 na mafundi ambao wengi wao walikuwa wa asili ya Kijerumani, katika miji kama Lancaster, na mpaka leo mafundi wa Marekani wanaendelea kuziiga kwa ajili ya wawindaji na walenga shabaha. Mtutu wake huwa na urefu wa inchi 42 hivi, yaani zaidi ya mita moja, na ubao wa kitako unaendelea chini yake karibu hadi mdomoni. Mdeki unalala kwenye mfereji wa ubao huo, unashikwa na pete za shaba, kisha unazama ndani ya tundu refu lililotobolewa kuelekea kwenye mtambo. Unene wa kawaida ni inchi 3/8, karibu milimita 9.5. Fimbo nyembamba kiasi hicho inatakiwa isukume risasi iliyofungwa kitambaa chenye mafuta, ndani ya mtutu wenye mifuo, tena uliojaa masizi ya baruti ya risasi zilizotangulia. Si kazi ndogo.

Mafundi wa zamani walichagua hikori, mti wa Amerika Kaskazini ulio mgumu na unaokubali kupinda bila kukatika. Gogo lilipigwa kabari likapasuka lenyewe kwa kufuata nyuzi. Vipande vikapasuliwa tena hadi vikawa vyembamba, vikachongwa kwa kisu cha mikono miwili, na mwisho vikakwanguliwa mpaka vikawa duara. Kila uzi ulianzia ncha moja ukatokea ncha ya pili. Aliyewahi kuchonga mpini wa jembe anaijua tofauti hiyo: mpini uliofuata nyuzi hupinda ukarudi, uliokatwa mshazari huachia siku ya kwanza utakapogonga jiwe. Wallace Gusler, fundi wa bunduki katika makumbusho ya Colonial Williamsburg huko Marekani, alipigwa filamu mwaka 1969 akitengeneza bunduki nzima kwa mkono na kwa zana za zama zile. Anayetaka kuona subira inayohitajika aitafute filamu hiyo.

Kwa hiyo ukipewa mdeki dukani, ushike kwenye mwanga uuzungushe polepole. Mistari ya nyuzi ikitokea ubavuni katikati ya fimbo, hapo ndipo utakapovunjika. Na hautakatika bapa. Utachanika mshazari na kuacha ncha ndefu iliyochongoka, huku mkono uliokuwa ukisukuma ukiendelea kushuka juu yake. Watu wamewahi kutobolewa viganja kwa namna hii. Ndiyo maana hata mdeki mzuri hushikwa shubiri moja tu juu ya mdomo wa mtutu, ukasukumwa kidogo kidogo. Anayeushika juu kabisa na kuegemeza uzito wa mwili anaupinda kama upinde, na hakuna mti unaoweza kuvumilia hivyo kila siku.

Unene nao una siri yake. Mideki mingi ya bunduki hizi haikuwa na unene mmoja toka juu hadi chini. Upande wa mdomoni, unaosukuma risasi, ulikuwa mnene. Upande unaozama ndani ya ubao ulipunguzwa taratibu. Mdeki wa mashine ulio sawa kote unaweza kupita vizuri kwenye pete ya kwanza na ya pili, halafu ukagoma kwenye pete ya mwisho, pale unapoingia ubaoni. Usiulazimishe. Kati ya tundu la mdeki na mtutu umeachwa ukuta mwembamba wa mti, milimita chache tu, na ufa ukiingia hapo utakuwa umeharibu bunduki kwa sababu ya fimbo. Paka mdeki masizi ya taa, uingize, uutoe, uangalie masizi yamefutika wapi. Hapo ndipo pa kukwangua. Ukisimama kabla ya kufika mwisho wa tundu, chunguza mambo mawili: takataka zilizolala chini, na skrubu ya mbele ya mtambo. Skrubu hiyo hupita jirani sana na tundu, na mara nyingine huugusa mdeki na kuuachia mkwaruzo unaoonekana wazi ukiutoa. Katika hali hiyo hupunguzwa mti wa mdeki mahali palipokwaruzwa, skrubu inaachwa ilivyo.

Acha pia nafasi kidogo. Hikori huvimba hewa ikiwa na unyevu, na mdeki unaoteleza vizuri wakati wa kiangazi unaweza kunasa mvua zikianza.

Sasa kichwa cha shaba, sehemu ambayo nimeona ikiharibiwa kuliko nyingine zote. Ncha ya mdeki hupunguzwa ili iingie ndani ya kichwa hicho, na kwa ndani kichwa huwa na hesi ya kufungia kifaa cha kusafishia au skrubu ya kung'olea risasi iliyokwama. Wengi hutia gundi ya epoksi wakaridhika. Gundi huvumilia kusukumwa, kwa sababu shaba imeegemea mti. Siku utakapong'oa risasi iliyonasa utakuwa unavuta, na gundi ikiachia, mdeki utatoka na kichwa kitabaki ndani ya mtutu. Dawa yake ni pini. Funga mdeki kwenye jiliwa, kati ya vipande viwili vya mti laini, toboa shaba na mti kwa pamoja tundu la milimita 2 hivi, panua kidogo midomo ya tundu pande zote mbili, pitisha pini ya shaba, igonge taratibu mpaka ijaze midomo hiyo, kisha ipige tupa iwe sawa na kichwa. Ikifanywa vizuri, kidole hakiisikii. Pale mti unapoanza kupunguzwa usikate kona kali. Upunguze kwa mteremko, kwa kuwa kona kali ndiyo mwanzo wa ufa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasitumie chuma. Majeshi yalitumia. Jemadari Leopold wa Anhalt-Dessau aliwapa askari wa Prussia mideki ya chuma, na katika vita vya Mollwitz mwaka 1741 kasi yao ya kushindilia na kufyatua ilisifiwa sana. Lakini bunduki ya askari haikuwa na mifuo, na mitutu ya mwindaji ilifuliwa kwa chuma laini. Fimbo ya chuma ikisugua mdomo wa mtutu kila siku hula mifuo pale risasi inapoagana na bunduki, na shabaha inapotea. Mti ulimfaa mwindaji, na kwa maoni yangu bado unamfaa.

Wapo wanaoloweka mdeki kwenye mafuta ya taa kwa wiki kadhaa wakiamini utakuwa mlegevu. Mafuta hayageuzi nyuzi mbaya kuwa nzuri. Mafuta ya mbegu za kitani, yakipakwa mara kadhaa na kuachwa yakauke, yanatosha kuzuia unyevu.

Imebaki alama, na hii si ya kuahirisha. Magobori ya zamani yamekutwa ukutani yakiwa bado yameshindiliwa, kwa hiyo kabla hata ya kuanza kazi hakikisha mtutu ni mtupu: ingiza fimbo iliyonyooka mpaka igote, weka alama mdomoni, kisha ilaze nje ya mtutu. Ikiishia mbali na tundu la kuwashia, ndani kuna kitu. Mdeki mpya ukishakamilika, uchore mstari unaoonyesha mtutu mtupu, na mstari wa pili unaoonyesha baruti na risasi vimekaa mahali pake. Risasi iliyoachwa juu, isiyogusa baruti, inaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua. Alama za mdeki wa zamani hazifai kwenye huu mpya. Usifyatue hata mara moja kabla hujazichora upya.