Tairi Kubwa na Deni la Difu

Tairi kubwa ni kazi inayoonekana. Land Cruiser mkonga ikitoka gereji pale Arusha na matairi ya inchi 35, wapita njia wanageuza shingo, na mwenye gari anaona pesa yake ilikokwenda. Kazi ninayotaka kuisifu hapa haimgeuzi mtu shingo. Inafanyika ndani ya hausingi ya chuma, inafunikwa kwa oili, na ikifanywa vizuri haisikiki hata kidogo. Ni kazi ya fundi wa difu, yule anayekuja nyuma ya muuza matairi na kuamua kama gia zilizomo zinaliweza tairi jipya, na kama haziliwezi, anazitoa na kuweka nyingine. Aliyefunga tairi kubwa bila kulijibu swali hilo hajamaliza kazi, hata kama jibu lenyewe litakuwa kuziacha gia kama zilivyo.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo ubishi mwingi wa vijiweni hukwama. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1984 na ambayo hadi leo inabeba watalii, wagonjwa, askari na magunia kuanzia Turkana hadi Songea, kwa kawaida huvaa tairi la 7.50R16 au 235/85R16. Hili la pili lina kipenyo cha milimita 806. Litoe, uweke 315/75R16, ambalo wauzaji huliita inchi 35 ingawa namba zake zenyewe zinatoa 34.6, na unapata milimita 879. Ongezeko ni asilimia 9. Nusu ya tofauti hiyo, milimita 36, inakwenda chini ya difu, na hiyo ndiyo faida halisi ya zoezi zima. Kwenye gari la eksele nzima springi ndefu hunyanyua bodi tu, difu hainyanyuliwi na kitu kingine zaidi ya tairi. Sasa upande wa deni. Difu yenye uwiano wa 4.1, maana yake propela shafti huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja, inaanza kufanya kazi kana kwamba ni ya 3.76. Hakuna jino lililoguswa, lakini kila gia, tangu ya kwanza hadi ya tano pamoja na rivasi, imepoteza karibu asilimia 8 ya nguvu yake ya kusukuma ardhi.

Asilimia 8 inasikika kama kitu kidogo mpaka uangalie injini inayotakiwa kuifidia. Nyingi ya gari hizi zinaendeshwa na 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda 6 na isiyo na tabo, injini ngumu isiyo na haraka. Nguvu yake kubwa ya kuzungusha, Nm 285, hupatikana ikiwa kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Kwa tairi la kiwandani, gari likiwa kwenye gia ya nne kwa kilomita 80 kwa saa, injini huwa kwenye mizunguko kama 2,160. Yaani wahandisi waliliweka gari pale pale ambapo injini ina kifua kipana zaidi, na sidhani kama ilikuwa bahati. Kwa tairi la 315, mwendo ule ule unaikuta injini kwenye 1,980. Kwenye lami tambarare hutaona kitu. Lakini upandishe Mlima Kitonga kuelekea Iringa ukiwa na abiria saba na mizigo juu ya keria, na ukumbuke kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ukifika Iringa mjini, kwenye mita 1,500 hivi, hewa nyembamba imeshachukua fungu lake na tairi limechukua lake. Dereva anashuka gia pale ambapo zamani hakushuka, anakanyaga mafuta mpaka mwisho, anacheza na klachi kila anapoondoka kwenye kona kali nyuma ya lori, na jioni anamlaumu fundi wa pampu.

Kuna pia suala la spidomita, ambalo kwa Tanzania si dogo. Land Cruiser hizi huchukua kipimo cha mwendo kutoka kwenye shafti inayotoka gia boksi kwenda kwenye difu, kwa hiyo spidomita haijui chochote kuhusu ukubwa wa tairi. Mshale ukisimama kwenye 50, gari la matairi ya 315 liko kwenye 54 na nusu, na askari mwenye tochi kwenye kibao cha kijiji hasomi mshale wako. Hapa ndipo uzuri wa kubadilisha gia unapojitokeza bila kuombwa: ukiweka difu za 4.56, injini inarudi kwenye mizunguko 2,200 katika mwendo ule ule wa kilomita 80, na spidomita inarudi kwenye ukweli bila mtu kuigusa, tena ikizidisha kidogo, kiasi cha asilimia 2, upande usio na faini.

Wapo wanaosema haya yote ni kujisumbua kwa sababu gari lina gia nzito ya fowili. Ni kweli ile gia inazidisha nguvu karibu mara mbili na nusu, na kwenye mawe au mchanga wa korongo inatosha kabisa hata kwa tairi la 35. Lakini Kitonga ni lami, na sehemu kubwa ya maisha ya gari lolote la porini hupita kwenye lami na vumbi kavu, likielekea porini au likirudi. Gia nzito ni ya kilomita 10 kwa saa, si ya kilomita 60. Wengine wanadai kwamba injini inayozunguka polepole inakula mafuta kidogo. Hilo nalikubali kwa gari tupu kwenye barabara ya pwani isiyo na milima. Mwenye gari la namna hiyo aache gia zake na ale raha. Kwa gari lenye mzigo katika nchi ya vilima, injini inayovutwa chini ya mizunguko yake haipumziki. Inakanyagwa zaidi ili itoe nguvu ile ile, na gia ya tano inageuka pambo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa madereva wazee, nalo haliihusu difu. Wanasema tairi kubwa lenyewe halihitajiki. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, tairi jembamba la 7.50 linakata tope na kushika udongo mgumu ulio chini, wakati tairi pana linabaki juu likiteleza. Wana hoja, na wana hoja zaidi wanaposema kwamba kupunguza upepo hutatua matatizo mengi ya mchanga bila senti moja. Simshauri mtu anunue tairi la 35 kwa ajili ya picha. Ila kuna njia zenye mawe na makorongo ambako milimita 36 chini ya difu ndizo zinazotenganisha kupita na kukwama, na aliyekwisha kuamua kwamba anazihitaji anapaswa kulipa bei nzima, si nusu yake.

Na bei nzima inalipwa mikononi mwa fundi. Kwanza anahesabu meno. Magari mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kuwa na 4.1 na 4.3 ndani, na fundi makini haamini maneno ya aliyeuza gari. Anasoma bati la utambulisho, kisha anafungua na kuthibitisha. Krauni (gia kubwa) ya meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 10 ni 4.1, meno 43 kwa 10 ni 4.3, meno 41 kwa 9 ni 4.56. Namba hizo zina ujanja wake: hazigawanyiki kwa namba moja ya pamoja, hivyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la krauni kwa zamu, na yote huisha sawasawa. Wangeweka 40 kwa 10, meno yale yale yangekutana maisha yao yote, na kasoro ya jino moja ingechimba daima mahali pamoja. Krauni na pinioni husuguliwa pamoja kiwandani na kuandikwa namba inayolingana, na anayechukua krauni ya huku na pinioni ya kule amenunua kelele.

Kisha vinakuja vipimo ambavyo macho hayavioni. Pinioni inatakiwa ikae kwenye kina sahihi mbele ya krauni, na kina hicho kinarekebishwa kwa shimu, vibati vyembamba vinavyoongezwa au kupunguzwa nyuma ya beringi. Kila badiliko la shimu maana yake ni kung'oa beringi kwa presi, kubadilisha, kurudisha na kupima upya. Nati ya pinioni inakazwa dhidi ya spesa inayobonyea, huku fundi akipima ugumu wa kuizungusha pinioni kidogo kidogo. Akipitiliza hakuna kurudi nyuma, kwa sababu kulegeza nati hakuinyooshi spesa iliyobonyea. Inatolewa, inatupwa, inawekwa mpya, na kazi inaanza tena. Halafu anapima mchezo kati ya meno kwa geji ya mshale. Kwenye difu ya nyuma ya gari hili anatafuta milimita 0.15 hadi 0.20, unene wa karatasi mbili za daftari. Meno yakibana zaidi yanapata joto na kuungua, yakilegea zaidi yanagongana kila dereva anapoachia na kukanyaga mafuta.

Mwisho anapaka rangi. Ni rangi nzito ya njano au nyeupe, inapakwa kwenye meno machache ya krauni, kisha difu inazungushwa huku imezuiwa kidogo ili meno yakandamizane. Pale yanapogusana rangi husukumwa pembeni na kuacha alama. Alama ikiwa karibu na ncha za meno, pinioni iko mbali mno. Ikizama kwenye mizizi, iko ndani mno. Ikikimbilia pembezoni mwa krauni, mchezo umezidi. Fundi anaitafuta ile inayotulia katikati ya uso wa jino, upande wa kusukuma na upande wa kurudi pia. Asipoipata anafungua tena, anabadilisha shimu, anafunga, anapaka. Hakuna mashine inayomwambia amefika. Aliyebuni difu ya magari, Mfaransa Onésiphore Pecqueur, katika miaka ya 1820, alikuwa mtengeneza saa, na ukimtazama fundi akiinamia alama ile na taa mkononi unaona kwamba ufundi huo haujahama mbali.

Hata hivyo sifa isigeuke upofu, kwani kuna mambo ambayo gia haziyarudishi. Breki ni zile zile, wakati tairi refu limezinyima asilimia 8 ya uwezo wake na limeongeza uzito unaozunguka. Mwenye gari anayebadilisha difu na kusahau breki ameongeza nguvu ya kwenda bila kuongeza nguvu ya kusimama. Beringi za magurudumu na viungo vya stelingi vinabeba zaidi. Tena, kadiri uwiano unavyopanda ndivyo pinioni inavyopungua meno na unene, kwa hiyo anayekimbilia 4.88, meno 39 kwa 8, kwa tairi la 35 amenunua nguvu asiyoihitaji kwa kipande cha chuma dhaifu zaidi. Lililo baya kuliko yote ni kubadilisha difu ya nyuma peke yake kwa sababu pesa haikutosha. Ukiingiza fowili, mbele inataka kwenda mwendo mmoja na nyuma mwingine, na kwenye ardhi kavu kitakachokatika hakichagui mahali pa kukatikia. Ni difu mbili au hakuna.

Kwa hiyo lini ubadilishe? Iceland, ambako magari haya haya huvalishwa matairi ya inchi 38 hadi 44 ili yatembee juu ya theluji, hakuna anayeuliza. Tofauti ni kubwa mno. Ugumu uko kwetu, katikati. Tairi la 285/75R16 linaongeza asilimia 3.5 tu, na kwa hilo nashauri uache gia zako, urekebishe hesabu ya spidomita kichwani na utumie pesa kwenye breki. Kwa 315 kwenye injini ya 1HZ inayobeba mzigo milimani, badilisha, weka 4.56, mbele na nyuma. Injini yenye tabo na nguvu ya ziada inaweza kusubiri, lakini ipimwe mlimani ikiwa na mzigo, isipimwe kwenye uwanja wa gereji. Ukishabadilisha, safari ya kwanza iwe fupi na nyepesi, difu ipoe kabisa; usivute tela kwa kilomita 800 za mwanzo, kisha mwaga oili yote uweke mpya ya GL-5. Na kabla hausingi haijafungwa, mwombe fundi akuonyeshe alama ya rangi kwenye meno. Akikwambia yeye hufunga kwa uzoefu na hahitaji rangi, chukua gia zako uzipeleke kwa mwingine.