Mlango Wazi na Bega Lililosimama: Harusi ya Kiingereza Ilivyoshonwa Upya Nakasero

Jumamosi ikifika, mlima wa Nakasero huwa njia ya maharusi. Magari yaliyofungwa riboni hupanda hadi Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, yakitoka hapo hupita bustani za Hoteli ya Sheraton kwa ajili ya picha, kisha hushuka kuelekea ukumbini. Mtazamaji wa haraka ataona Uingereza ya karne ya 19 imehamishwa nzima nzima: gauni jeupe, wapambe waliovaa sare, keki ya ghorofa, muziki wa Mendelssohn. Mimi nataka tuifumue harusi hii mshono baada ya mshono, maana sehemu zake zilizofanya kazi kubwa kuliko zote nchini Uganda ni zile ambazo mpiga picha hazijali.

Hebu tuanze na gauni lenyewe. Malkia Victoria aliolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840, katika kanisa la Kasri la St James's, London. Alivaa satini nyeupe iliyofumwa Spitalfields, na juu yake lesi ya Honiton iliyosukwa kwa mikono ya zaidi ya wanawake 200 huko Devon. Sababu ilikuwa kazi na riziki. Mashine zilikuwa zimewanyang'anya mafundi wa lesi soko lao, na malkia alitaka taifa zima liione kazi yao. Satini tupu isiyo na nakshi iliiachia lesi uwanja wote. Maelezo kwamba weupe ni alama ya usafi wa bi harusi yalikolea baadaye, na kwa miaka mingi mwanamke wa kawaida wa Kiingereza aliendelea kuolewa na gauni lake zuri kuliko mengine, liwe la buluu au la kahawia. Victoria mwenyewe hakuifungia lesi ile sandukuni. Aliivaa tena na tena kwenye shughuli za familia, na alipofariki mwaka 1901 alizikwa na shela yake ya harusi.

Muziki na keki vilipata sura tunayoijua katika harusi ya binti yake mkubwa, tarehe 25 Januari 1858. Muziki wa Mendelssohn ulisikika maharusi wakitoka. Keki yao ilipanda ghorofa kwa ghorofa, ingawa sehemu ya juu ilikuwa sukari tu. Hayo yanatosha kuhusu keki kwa sasa.

Jambo zito liko mlangoni. Sheria ya ndoa ya Uingereza ya 1753 ilitungwa kukomesha ndoa za siri, zile zilizofungwa na mapadri wa vichochoroni, mtu akaamka kesho yake na kukana. Tangu hapo ndoa ikatakiwa kutangazwa kanisani Jumapili tatu au kupata leseni. Sheria ya 1836, iliyoruhusu ndoa nje ya kanisa la Anglikana, ikaweka sharti kwamba milango iwe wazi, saa ziwe kati ya mbili asubuhi na sita mchana, na mashahidi wawepo wawili au zaidi. Ndiyo maana karamu ya harusi ya Waingereza wa enzi hizo iliitwa kifungua kinywa, hata meza ikijaa nyama na mvinyo: ibada ilipaswa kwisha kabla ya saa sita. Mwaka 1886 ndipo walipoongezewa hadi saa tisa alasiri.

Sasa fungua Sheria ya Ndoa ya Uganda, iliyoanza kutumika mwaka 1904. Utakuta ndoa ya kanisani ifungwe milango ikiwa wazi, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, ukimwacha mchungaji. Kwa msajili, taarifa ya ndoa hukaa ubaoni siku 21. Woga wa Waingereza juu ya ndoa za vichochoroni vya London ulisafiri kwa meli ukawa kanuni ya mlima huu. Ofisi za URSB, shirika la serikali linalosajili ndoa, nazo zilikaa kwa miaka mingi hapahapa Nakasero, Barabara ya George.

Kifundi, basi, harusi hii ni chombo cha kutengeneza ushahidi. Gauni linaonekana kutoka mbali, muziki unatangaza, mlango hauzuii mtu kuingia na kupinga, saa ni za mchana, daftari linatiwa saini.

Linaloniuma ni kwamba Waganda, na majirani zao wengi, walikuwa tayari na chombo cha kazi hiyohiyo. Katika kwanjula, sherehe ya kutambulishana, ukoo wa mwanamume huenda nyumbani kwa mwanamke na kukaa kwenye mkeka wazi mbele ya majirani. Wasemaji wa pande mbili hushindana kwa maneno, na shangazi wa binti, ssenga, humtambulisha bwana harusi kwa jina. Mashahidi wake ni koo mbili nzima. Lakini mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo nchini Kenya, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba mke wa kimila si mke machoni pa sheria. Kwa maneno yake, kilichofanyika kilikuwa ununuzi wa mke. Kwa hiyo mwanamke yule angeweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, jambo ambalo mke wa kanisani alikingwa nalo. Hukumu hiyo ilitajwa na mahakama za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Ilikuwa dhuluma, na haikuhitaji karne kupita ndipo ionekane hivyo.

Watu hawakungoja mahakama iwahurumie. Walikuwa wamekwisha kuchukua mkasi.

Mwaka 1905 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua shule ya wasichana Gayaza, kaskazini ya Kampala. Masimulizi yanayojulikana zaidi husema mwalimu mkuu, Alfreda Allen, alitaka sare itakayofaa kuliko kitambaa cha kujifunga kifuani, na kazi akapewa fundi Mgoa, Caetano Gomes. Ndipo likatoka gomesi. Litazame begani. Fundi hukata mkono mpana kuliko tundu la bega, huukusanya kwa marinda madogo madogo, na ndani hutia kitambaa kigumu ili ncha isimame. Bega la namna hiyo ndilo lililotawala mitindo ya Uingereza katika miaka ya 1890, mwisho wa enzi ya Victoria, na kwa macho yangu hapo ndipo lilipotoka. Kwao lilizimika baada ya miaka michache. Kampala bado linashonwa kila wiki.

Kutoka begani kushuka chini, Uingereza inakwisha. Gauni la Victoria lilikazwa kiunoni kwa koseti, likafaa kusimama na kutembea polepole kati ya safu za viti. Mwanamke wa Buganda alihitaji vazi la kupigia magoti. Kwa hiyo shingo ikakatwa mraba, vifungo viwili vikawekwa upande wa kushoto, kiuno kikaachwa huru, na mkanda mpana ukashushwa hadi nyongani, fundo mbele, ncha zake zikining'inia. Kitambaa hufika hata mita sita. Ndani yake huvaliwa kikoi, ili nguo ya juu isishike mwilini na umbo lijae nyongani. Mvaaji akipiga magoti, nguo humfunika pande zote bila kuvutwa. Akiinuka, hurudi mahali pake. Huo ni ufundi wa hali ya juu, na fundi anayeukosea kwenye mkanda huumbuka siku ya shughuli, kwani mvaaji atashinda akijifunga upya.

Kwa wanaume hesabu ilikuwa fupi. Kanzu ilikuwa imekwisha kufika ikulu ya Buganda na wafanyabiashara wa pwani, tangu enzi za mfalme wake, Kabaka Suuna wa Pili. Walivaa koti la Kizungu juu yake, wakamaliza.

Mwaka 1914 Kabaka Daudi Chwa alimwoa Irene Drusilla Namaganda kwa ndoa ya Kikristo, na husimuliwa kwamba gomesi alilolivaa malkia huyo katika kutawazwa kwa mumewe ndilo lililolitoa vazi shuleni na kulipeleka kwa akina mama wa nchi nzima. Tangu hapo siku mbili zikagawana kazi: gomesi na kanzu kwenye kwanjula, gauni jeupe na suti kanisani. Makanisa mengi hayafungishi ndoa kabla ya wazazi wa binti kuridhia, kwa hiyo siku ya kwanza ndiyo hufungua mlango wa siku ya pili. Na ukumbini, keki ya 1858 hufika kwa wakwe ikiwa mikononi mwa bi harusi aliyepiga magoti.

Sheria ilikuja mwishoni. Mwaka 1973 Uganda ilitunga sheria ya kusajili ndoa za kimila, ikazipa cheti. Inawataka wanandoa wafike kwa msajili wa wilaya ndogo au wa mji ndoa ilikofungwa, ndani ya miezi sita baada ya shughuli kukamilika, pamoja na mashahidi. Wengi hawaendi. Hukodi mahema, hulipa mpiga picha, hushona gomesi la hariri, halafu hurudi nyumbani bila karatasi, na siku ya mirathi mjane huombwa athibitishe alichokishuhudia ukoo mzima. Ewe msomaji unayepanga kwanjula mwaka huu, weka safari ya kwa msajili kwenye bajeti, kabla ya hema na kabla ya keki.