Fundi wa Kurasa za Minitel

Kabla intaneti haijaingia majumbani, Wafaransa walikuwa na Minitel: kifaa kidogo chenye skrini na kibodi, kilichounganishwa na laini ya simu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi huduma ilipozimwa Juni 30, 2012, walikitumia kutafuta namba za simu, kutazama ratiba za treni na kutumiana ujumbe. Nyuma ya kila ukurasa alikuwapo fundi aliyeupanga alama kwa alama.

Uwanja wake ulikuwa mistari 24, kila mstari nafasi 40. Herufi ilichukua nafasi moja. Kwa picha, kila nafasi iligawanywa vipande sita, viwili kwa upana na vitatu kwa kimo, na kila kipande ama kiliwaka ama kilizimwa. Akitaka gurudumu la treni, fundi alijaza kipande, akasogea nyuma kutazama, akakifuta, akajaza cha jirani, mpaka miraba ile ikubali kuonekana mviringo.

Kisha rangi. Zilikuwapo nane, lakini skrini nyingi zilizionyesha kwa kijivu: bluu ilikoza, njano ikakaribia weupe. Kwa hiyo alizichagua kwa mwangaza wake. Tena, rangi ya nyuma ya maandishi haikushika bila nafasi tupu kutangulia neno. Nafasi hiyo aliitenga mapema, kabla ya kuandika kichwa.

Kazi nzito ilikuwa kupanga kipi kitangulie. Laini ilileta biti 1200 kwa sekunde, yaani herufi kama 120. Ukurasa uliojaa ulichukua sekunde nane hivi, na msomaji aliuona ukijichora mbele yake. Fundi mzuri alitanguliza jina la huduma na orodha ya kuchagua, mapambo yakafuata. Penye mstari wa alama zinazofanana, alituma alama moja na amri ya kuirudia. Penye uwazi, alikirusha kielekezi hadi mahali panapohitajika, asitume nafasi tupu moja moja.

Mwishowe aliujaribu ukurasa kwenye Minitel yenyewe, akapunguza, akajaribu tena. Huduma nyingi zililipiwa kwa muda, kwa hiyo subira yake ilikuwa na thamani ya fedha mifukoni mwa watu. Alama aliyoiondoa hakuna aliyeiona. Ila kila aliyefungua ukurasa ule alifika upesi zaidi kwenye alichokitafuta.