Mafuta Hayadanganyi

Nimechoka kusikia mousaka za Plaka, mtaa wa Athens, zikisifiwa kwa unene. Lile tabaka la mchuzi mweupe juu yake tuliachiwa na Nikolaos Tselementes, mpishi aliyetaka jiko la Kigiriki lifanane na la Kifaransa, na chini yake mzembe huficha biringanya zilizolowa mafuta na nyama ya juzi. Anayetaka kuipima taverna aagize ladera, mboga zinazopikwa kwa mafuta ya zeituni.

Agiza fasolakia, yaani maharage ya kijani, au bamia, kisha usishike uma kwanza. Tazama ukingo wa sahani. Mafuta ya zeituni yawe yametulia pembeni, maangavu, mekundu kwa nyanya, bila tone la maji chini yake. Hapo ujue sufuria ilikaa motoni mpaka maji yote yakaisha, mboga ikabaki na mafuta yake tu. Kazi hii haitaki pupa: moto mkali huunguza kitunguu kabla maharage hayajalainika, na moto ukizimwa mapema, maji mepesi hutambaa sahani nzima. Mgeni akiona mafuta hudhani mpishi amezidisha, akaisukuma sahani kando. Chovya mkate. Ukitoka mwekundu na mtamu, kaa. Ukitoka umelowa maji, lipia divai uende zako.

Kule mtaa wa Kypseli nilimjua mama mmoja aliyepika bamia bila kutia mwiko. Asubuhi alizinyunyizia siki na chumvi, akazianika juani. Zikiwa motoni, alishika sufuria kwa mikono miwili akaitikisa. Zilifika mezani nzima, hazina utelezi. Jirani yake alikoroga mpaka zikapasuka, akakazia mchuzi kwa unga, halafu akamiminia mafuta mabichi juu dakika ya mwisho. Mafuta hayo hujulikana mara moja: yana ukijani, hayajakutana na nyanya. Na wageni walijaa kwa yule jirani.

Mengine ni mepesi kuyajua. Ladera huliwa vuguvugu. Saladi ya horiatiki haina letusi, na feta hukaa juu kipande kizima. Ya kweli ina maziwa ya kondoo yasiyopungua asilimia 70, yanayobaki ni ya mbuzi. Pweza aliyegandishwa lazima atajwe hivyo kwenye menyu, kwa hiyo soma maandishi madogo. Menyu yenye picha usiifungue. Divai itoke kwenye pipa, kama pale Diporto, chini ya ardhi karibu na soko la Varvakios, ambako menyu haipo kabisa.

Zamani mteja aliingia jikoni, akafunuliwa sufuria moja baada ya nyingine, akachagua kwa macho na pua. Siku hizi simu ndiyo humchagulia, kwa sifa za watu waliopita mara moja. Ingia jikoni hata leo. Mpishi anayejiamini atakufunulia kwa fahari; anayekuzuia mlangoni, usimpe hela yako.