Kuchagua Vipuri vya Kompyuta kwa Fedha Chache

Kuunda kompyuta ya mezani kwa kununua kipuri kimoja kimoja ni ufundi unaostahili sifa, na sifa hiyo huzidi pale fedha zinapokuwa chache, kwa kuwa tajiri anaweza kulifunika kosa la uchaguzi kwa kununua kipuri kingine, ilhali mwenye bajeti finyu hana budi kujua kila kipuri kinafanya nini kabla ya kutoa shilingi yake. Ndiyo maana fundi mzuri huanza na kazi itakayofanywa: mhariri wa video huhitaji kichakataji chenye viini vingi, yaani vitengo vinavyopiga hesabu kwa wakati mmoja; mcheza michezo huhitaji zaidi kadi ya michoro, inayounda picha za kwenye skrini; naye karani wa kuandika barua hahitaji kadi hiyo kabisa, kwani kichakataji kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 huunda picha chenyewe.

Baada ya kazi kujulikana, hutazamwa soketi, ambayo ni kikalio cha kichakataji kwenye ubao mama, yaani ubao unaounganisha vipuri, na hapa ndipo subira ya fundi huonekana. Vichakataji vya kwanza vya Ryzen vilitoka mwaka 2017 kwa soketi iitwayo AM4, na mwaka 2022 kampuni ya AMD ilikuwa bado inatoa vichakataji vipya vya soketi hiyohiyo, hivyo aliyenunua ubao mzuri mapema aliweza kuongeza kasi kwa kubadili kipuri kimoja tu, ilimradi mtengenezaji wa ubao awe ametoa toleo jipya la BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi. Anayelinganisha bei za siku moja pekee hawezi kuiona faida ya namna hii. Kuhusu RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vijiti viwili vya gigabaiti 8 hushinda kimoja cha 16, kwa kuwa kichakataji huvisoma kupitia njia mbili kwa pamoja, na tofauti huonekana zaidi pale kichakataji kinapounda picha chenyewe, maana hapo huazima nafasi katika RAM hiyohiyo.

Hata hivyo, kipimo cha kweli cha fundi ni pawa saplai, kipuri ambacho hakiongezi kasi yoyote na ambacho wanunuzi wengi hukiachia chenji iliyobaki. Kazi yake ni kuugeuza mkondo geu wa ukutani, wenye volti 230 hivi, kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kwa kuwa kichakataji na kadi ya michoro hula hasa kwenye laini ya volti 12, fundi husoma kwanza wati za laini hiyo, kwani jumla kubwa iliyoandikwa ubavuni inaweza kumpotosha. Alama ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, huonyesha ni sehemu gani ya umeme inafikia vipuri badala ya kupotea kama joto, lakini haithibitishi uimara wa saketi za ulinzi, zile zinazokata umeme volti zikipanda kupita kiasi au nyaya zikigusana. Katika miji ambako umeme hukatika na kurudi ghafla, kupunguza fedha za kadi ya michoro ili kununua pawa saplai ya kuaminika ni uamuzi wa busara kubwa.

Zipo pia kompyuta za ofisi zilizotumika, zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ambazo mara nyingi ni nafuu kuliko vipuri vipya vikijumlishwa. Kwa kazi za ofisi, mashine hizo zikiwekewa SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, hutosha kabisa. Mcheza michezo lazima atazame kwa makini zaidi, kwa sababu baadhi zina viunganishi vya umeme visivyo vya kawaida, na makasha membamba hupokea kadi fupi tu, tena ile inayotosheka na wati 75 zinazotolewa na tundu la ubao mama, kama baadhi ya matoleo ya GTX 1650. Anayetarajia kupita kiwango hicho atafanya vizuri zaidi kununua ubao na kasha la kawaida tangu mwanzo, hata kama itambidi aanze bila kadi.