Pongezi kwa Wapimaji wa Vito

Kusini mwa Dakawa, mkoani Morogoro, Tanzania, katika Milima ya Uluguru, eneo la Matombo hutoa rubi na spineli, vito viwili ambavyo vikiwa vyekundu humtatiza hata dalali mzoefu. Ndiyo maana wapimaji wa vito wanastahili pongezi. Chombo chao, polariskopu, hutegemea ukutubishaji, yaani kuyafanya mawimbi ya nuru yatikisike katika uelekeo mmoja: kichujio cha chini huruhusu uelekeo mmoja, cha juu huuzuia, na kito huzungushwa katikati. Rubi, ambayo huigawa nuru katika miale miwili, hung'aa na kufifia mara nne katika mzunguko mmoja, ilhali spineli hubaki na giza. Lakini rubi nayo hubaki na giza ikitazamwa sambamba na mhimili wake, yaani uelekeo ambao nuru haigawanyiki, kwa hiyo mpimaji makini huigeuza na kurudia, na hapo ndipo ustadi ulipo. Kwa hiyo mchimbaji mdogo wa Uluguru asikubali bei ya kito chekundu kabla hakijapimwa.