Alifariki, Alisafiri

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Jioni moja natembea na rafiki yangu kutoka Ngara kuelekea mjini, ile saa ya msongamano ambapo kila matatu inapiga honi na kila makanga anaita abiria. Alikuwa kimya tangu tutoke darasani. Karibu na mzunguko wa Globe akasema kitu, macho yake yakiwa barabarani. Nilisikia: "Baba alisafiri jana."

Nikamjibu, "Poa. Arudi salama."

Alikuwa amesema alifariki.

Hakunijibu. Tuliachana stejini, yeye akapanda matatu yake, nami yangu. Usiku nikaongezwa kwenye kundi la WhatsApp la mchango wa mazishi. Jina la marehemu lilikuwa jina la mwisho la rafiki yangu. Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima.

Sasa sehemu ambayo ni ngumu kusema. Nilikuwa na shaka. Sauti yake haikuwa ya mtu ambaye babake ameenda safari. Ningeweza kumuuliza, "Umesemaje?" Lakini nilikuwa nimeshamuuliza hivyo mara mbili njiani, na mara ya tatu mtu huanza kukuangalia vibaya. Ndani ya masikio yangu kulikuwa na mashine mbili ambazo hakujua zipo. Karibu hakuna aliyejua. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya kwanza kwenye karatasi niliyopewa nilipozinunua: hakuna atakayejua.

Tangu hapo nimesoma vitabu na kutazama filamu kuhusu watu wasiosikia vizuri, nikimtafuta mtu mmoja tu: yule anayesikia nusu na kuificha nusu nyingine. Wazee wa kuchekesha nimewapata. Waliopoteza kila kitu usiku mmoja nimewapata pia. Huyu wangu ni adimu, na nafikiri najua sababu.

Nianze na kifaa chenyewe, kwa maana nacho kinasomeka kama kitabu. Ni kidogo, kama punje ya haragwe. Kinatengenezwa kwa umbo la sikio lako peke yako: unaingiziwa pamba yenye uzi, halafu unamiminiwa majimaji mazito ya baridi, unakaa kimya dakika chache mpaka yagande, yanavutwa nje na hapo ndipo unaona kwa mara ya kwanza jinsi tundu la sikio lako lilivyopinda. Cha kulia kina alama nyekundu, cha kushoto ya buluu. Kila kimoja kina kamba nyembamba ya naironi ya kukichomolea. Betri ni saizi 10, yenye kibandiko cha manjano. Ukikibandua hewa inaingia na betri inaanza kuhesabu siku zake. Kwangu hazifiki saba.

Nikivivaa, sauti yangu mwenyewe hunguruma kichwani kana kwamba naongea ndani ya pipa, kwa sababu nimeziba tundu. Nta ya sikio huziba kitundu cha kutolea sauti, kwa hivyo kila asubuhi kuna brashi ndogo. Nikikumbatiwa sana, kifaa hupiga mluzi, na mimi hujifanya nimeshtushwa na simu ya mtu. Lakini haki yake nimpe: ile wiki ya kwanza nilisikia hatua zangu mwenyewe kwenye ngazi. Nilisikia mvua ikianza kwenye mabati, yale matone ya kwanza ya kutafutatafuta. Sikuwa najua nimeyakosa.

Sasa ona mapatano. Ili kifaa kipotee ndani ya sikio, lazima kiwe na betri ndogo. Kwenye vyangu, nafasi ilitosha maikrofoni moja tu, wakati vile vikubwa vinavyokaa nyuma ya sikio kwa kawaida huwa na mbili, ili viweze kuipendelea sauti ya aliye mbele yako na kupunguza kelele za nyuma. Kwa hivyo pale Globe, honi na msiba wa rafiki yangu viliingia kwa mlango mmoja, kwa nguvu karibu sawa. Nililipa karibu bei ya pikipiki ili nisikie vibaya zaidi mahali penye kelele, mradi nisionekane. Ile sifa ya kwanza kwenye karatasi haikuwa inanihudumia mimi msikilizaji. Ilikuwa inamhudumia anayenitazama.

Tabia hii ni ya zamani. Mwaka 1819 João wa Sita, mfalme wa Ureno, alitengenezewa kiti cha enzi chenye mikono iliyochongwa kama simba, vinywa wazi. Wanaotaka kuzungumza naye walipiga magoti na kuongea kwenye vinywa vya simba, na sauti ikapita kwenye kiti mpaka sikioni mwa mfalme. Kiziwi hakuinama hata kidogo. Waliinama wengine, na ilionekana kama heshima. Miaka 15 baadaye, mwaka 1834, mwandishi Mwingereza Harriet Martineau, ambaye mwenyewe hakuwa akisikia vizuri, alichapisha barua ya wazi kwa wenzake akiwahimiza waache kuficha. Alijulikana kwa kutembea na pembe lake la kusikilizia, akimnyooshea mtu kama kusema: ongea hapa. Kwenye ubishi huu mimi nilikuwa upande wa mfalme, bila kiti.

Riwaya iliyonikaribia zaidi ni Deaf Sentence ya David Lodge, ya mwaka 2008. Desmond Bates ni profesa mstaafu wa isimu anayepoteza usikivu wake. Mwanzoni yuko kwenye hafla ya maonyesho ya sanaa, kelele tele, na mwanamke kijana anamweleza jambo kwa kirefu. Desmond hasikii kitu. Anatikisa kichwa, anakubali, na baadaye inabainika ameahidi kukutana naye. Kisa chote kinatokana na hiyo "ndiyo" ya uongo. Nilipoisoma nilicheka, halafu nikafunga kitabu kwa muda. Lodge, aliyekuwa na tatizo hilohilo, anajua siri ambayo wengi hawajui: asiyesikia vizuri mara nyingi si mtu wa kuuliza sana. Ni mtu wa kukubali sana.

Hata jina la kitabu linacheza na sikio. Kwa Kiingereza, neno la uziwi na neno la kifo hukaribiana, na jina hilo linasikika kama hukumu ya kifo. Mimi nilipata mchezo huohuo kwa Kiswahili, bure, karibu na Globe. Upungufu wangu uko kwenye sauti za juu, zile zinazobeba s, f, t na k. Irabu nazipata vizuri. Alifariki na alisafiri zina irabu zilezile, kwa mpangilio uleule. Kiswahili kwangu ni wimbo ambao mtu amefuta nusu ya maneno. Mama mboga akisema sitini au tisini, nasikia i, i, i, na natoa mia ili nisijulikane.

Kosa langu na Lodge ni umri. Desmond ana mvi. Mzee akisema "eh?" watu hucheka kidogo na kurudia kwa sauti, maana kila mtu ana babu. Ucheshi wa riwaya hiyo unasimama juu ya msamaha ambao tayari upo. Mtu wa miaka 21 aliyevaa vizuri, asiye na kitu chochote masikioni cha kuonekana, hapewi huo msamaha. Akiitwa asigeuke, anaringa. Akijibu kitu tofauti, hajali. Nimewahi kuambiwa na mtu wa darasa langu kwamba mwaka mzima alidhani namchukia, kwa sababu alikuwa akinisalimia kwenye korido nami napita tu. Ulemavu uliofichwa hausomwi kama ulemavu. Unasomwa kama tabia.

Na lugha yetu inasaidia kusoma vibaya hivyo. Kwa Kiswahili, kusikia ni kutii. Mtoto mzuri ni msikivu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Mkaidi ana masikio ya kenge, hayasikii mpaka yatoke damu. Nililelewa na methali hizi na sizikatai, zina utamu wake. Lakini fikiria mtoto ambaye kweli hasikii, anakaa dawati la nyuma, na kila methali inamwambia tatizo liko kwenye moyo wake. Kabla sijapimwa, nilichapwa kwa kutosikia. Baada ya kupimwa, nilijifunza kwamba ni afadhali nionekane mkaidi kuliko kiziwi. Kijana anayeringa ana heshima yake mtaani. Kiziwi ana jina la utani.

Sound of Metal, filamu ya Darius Marder, wengi wenu mmeiona. Ilishinda tuzo ya Oscar ya sauti mwaka 2021. Riz Ahmed ni Ruben, mpiga ngoma anayepoteza usikivu ghafla, anayeuza vitu vyake ili afanyiwe upasuaji wa kupandikizwa kifaa cha kusikia. Sehemu bora ni ile hafla ya Paris baada ya upasuaji: vicheko na muziki vinamfikia kama mabati yanayokwaruzana. Ndipo mtazamaji anaelewa kwamba mashine hairudishi sikio la zamani. Hapo filamu ilisema kweli yangu bila kunijua.

Mwisho wake ndio unaoniacha nje. Ruben anaketi kwenye benchi, kengele za kanisa zinamuumiza, anavua vifaa vyake na kimya kinashuka kama amani. Ni mwisho mzuri sana, na watu walilia. Ila mimi nikivua vyangu sipati kimya. Napata manung'uniko: watu wanaongea chumba cha pili chini ya blanketi, na inawezekana wananisema. Filamu ina sehemu mbili za kukaa, dunia ya sauti na dunia ya kimya, na Ruben lazima achague. Ana pia jamii ya viziwi inayompokea na kumfundisha lugha ya ishara. Sisi wa katikati hatuna benchi. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa kwenye Katiba ya 2010, na mimi sijui hata kujitambulisha kwayo, kwa sababu kujifunza kungekuwa kukiri.

Aliyeniokoa ni sungura. El Deafo, kitabu cha picha cha Cece Bell cha mwaka 2014, kinasimulia utoto wake huko Marekani baada ya homa ya uti wa mgongo kumharibia usikivu akiwa na miaka 4. Wahusika wote ni sungura, yaani wote wana masikio makubwa yasiyoweza kufichwa. Shuleni Cece anavaa boksi kifuani lenye nyaya mpaka masikioni, na mwalimu wake anavaa maikrofoni. Anaona aibu kufa. Halafu anagundua kwamba mwalimu akisahau kuizima, anamsikia hata akiwa msalani, na kwa hilo anajiona shujaa.

Lakini kilichonigusa ni jinsi Bell anavyochora kusikia vibaya. Maneno yanafika yamevurugika ndani ya vile viputo vya maongezi. Betri ikiisha, herufi zinafifia taratibu, kisha kiputo kinabaki kitupu huku mdomo wa msemaji ukiendelea kuchezacheza. Kile kiputo kitupu ndicho nilichokuwa natafuta. Msemaji anaamini amesema. Msikilizaji anajua kuna kitu kimesemwa. Katikati pana nafasi nyeupe, na mtu lazima aamue: aulize, au aijaze mwenyewe. Mimi niliijaza kwa "arudi salama."

Graham Pullin, kwenye Design Meets Disability ya mwaka 2009, anauliza kwa nini miwani ilitoka kuwa kifaa cha hospitali ikawa fasheni, huku vifaa vya kusikia vikiendelea kutengenezwa kwa kusudi la kufichwa. Swali zuri, hasa Nairobi hii ambapo nusu ya matatu wana AirPods masikioni na hakuna anayeona haya. Sikubaliani naye kwa moja tu. Fasheni ingenipa ujasiri wa kuonekana, lakini bado ningehitaji mdomo wa kusema "sijasikia." Huo hauuzwi pamoja na rangi nzuri.

Nilimweleza rafiki yangu miaka miwili baadaye, kwenye mkahawa niliochagua kwa sababu hauna muziki. Nilichomoa cha kulia nikakiweka mezani kati ya vikombe. Alikitazama muda mrefu. Akasema, "Kwani ungeniambia, ningefanya nini kibaya?" Sikuwa na jibu. Tunasalimiana, tunatumiana pole na hongera. Hatujawahi tena kutembea pamoja kutoka Ngara.

Bado navaa vilevile vidogo. Vimelipiwa, vinakaa vizuri na miwani, na simu nashika sikioni kama mtu mwingine yeyote. Nitakapobadilisha, nitataka vyenye maikrofoni mbili, vionekane visionekane. Kwa sasa nimebadilisha sentensi ya kwanza tu. Nikikutana na mtu ninayetaka kumsikia, namwambia mapema: natumia mashine, nikikuuliza tena usichoke.

Mama mboga nilimwambia mwezi uliopita. Alinitazama masikio yote mawili, hakuona kitu, akacheka akidhani natania. Nikamwonyesha ile kamba. Siku hizi akitaja bei ananyoosha na vidole. Kumbe nyingi zilikuwa sitini.